Mishipa ya Damu Ikianza Kuingia Kwenye Konea Iliyopandikizwa: Kutambua, Kutafuta Chanzo na Kutibu

Konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, ikiwa na afya haina mshipa wa damu hata mmoja. Oksijeni huipata kwenye hewa na machozi, lishe huipata kwenye maji yaliyo ndani ya jicho, na yenyewe hutengeneza vizuizi vya kuifukuza mishipa. Kimojawapo ni kipokezi kilichoyeyuka ndani ya tishu, ambacho huinasa VEGF, yaani protini inayochochea mishipa kuota, kabla haijafanya kazi yake. Ni kwa sababu hiyo Eduard Zirm, kule Olomouc mnamo Desemba 1905, aliweza kupandikiza konea ya mtu mwingine ikabaki angavu, miongo mingi kabla ya kuwapo dawa za kuzuia mwili usikatae tishu ngeni.

Mshipa ukishaingia, hali hubadilika. Damu huleta seli za kinga hadi kwenye ukingo wa pandikizi. Sambamba na mishipa ya damu huota mishipa ya limfu, ambayo huioni kwa vifaa vya kawaida vya kliniki, nayo hubeba taarifa za tishu ngeni hadi kwenye tezi za shingo. Huko ndiko mwili hujifunza kulikataa pandikizi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1992 uliihesabu konea yenye mishipa ya ndani katika robo mbili au zaidi kuwa ya hatari kubwa, na kipimo hicho kinatumika hadi leo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2010 ulionyesha kwamba konea iliyokuwa na mishipa kabla ya upasuaji hukataliwa karibu mara mbili ya ile isiyo nayo.

Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu au muuguzi wa macho anayemwona mgonjwa baada ya kutoka hospitali alikopandikiziwa. Afrika Mashariki upasuaji huu hufanyika katika hospitali chache, konea nyingi huletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, na wagonjwa wengi ni vijana wenye keratokonasi, yaani konea iliyokonda na kuchongoka, ambao pia wana mzio wa macho wa muda mrefu. Pandikizi likiharibika, kupata jingine si jambo la wiki mbili. Kwa hiyo kliniki iliyo karibu na mgonjwa ndiyo yenye nafasi ya kuliokoa, na mara nyingi kinachohitajika ni jicho la makini, sindano nyembamba na koleo safi.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: mishipa haiji bila kuitwa. Kuna kitu kinachoiita, na kitu hicho kisipoondolewa, sindano ya gharama yoyote itaikausha kwa wiki chache kisha itarudi.

Kuangalia na kuandika

Tumia darubini ya macho yenye mwanga mwembamba, kwanza kwa ukuzaji mdogo ili uone jicho zima, kisha kwa ukuzaji mkubwa. Mwambie mgonjwa aangalie chini, uinue kope la juu hadi uone limbasi, yaani mpaka wa konea na weupe wa jicho, kuanzia namba 10 hadi namba 2 za uso wa saa. Mishipa mingi hupenya upande huo wa juu, na hupitwa kwa sababu kope limeifunika.

Andika mambo haya kila mara, hata kama mgonjwa amekuja kwa shida nyingine:

- Mishipa iko wapi, kwa namba za uso wa saa ya ukutani, 12 ikiwa juu kabisa. Andika namba hiyo hiyo inayosomeka kwenye saa, usibadilishe kwa hesabu ya saa za Kiswahili, la sivyo anayepokea barua yako atatazama upande wa pili wa jicho.
- Imeingia milimita ngapi kutoka kwenye limbasi. Pima kwa urefu wa mwanga wa darubini.
- Je, imefika kwenye kovu linalounganisha pandikizi na konea ya mgonjwa, au imelivuka?
- Iko juu au ndani?
- Iko hai au imekauka?

Ya juu na ya ndani hutofautishwa hivi. Mshipa wa juu ni mwekundu wa kung'aa, umepindapinda, una matawi, na unaweza kuufuata bila kukatika hadi kwenye utando mweupe nje ya konea. Mshipa wa ndani ni mwekundu wa giza, umenyooka, umesimama pamoja na wenzake kama nywele za brashi, na ukiufuata kuelekea nje unapotea ghafla kwenye limbasi kwa sababu unatoka kwenye mishipa iliyo chini zaidi. Wa juu mara nyingi husimulia habari ya kope, machozi, mzio au uzi uliolegea. Wa ndani husimulia uvimbe uliomo kwenye nyama ya konea yenyewe: hepesi (virusi vya malengelenge), maambukizi mengine, au mwili kulikataa pandikizi. Kwa aliyepandikiziwa tabaka za mbele tu, angalia pia kwenye mwungano kati ya pandikizi na utando wa nyuma uliobaki. Mishipa huweza kutambaa humo, ikavuja damu au mafuta mahali ambapo dawa ya matone inafika kwa shida.

Mshipa ulio hai umejaa damu, ncha yake imevimba kidogo, na konea inayouzunguka imejaa maji au ina ukungu. Mshipa uliokauka huonekana kama uzi mweupe-kijivu usio na damu. Usiudharau huo wa pili, kwani njia yake imeshachimbwa, na jicho likivimba tena damu hurudi humo ndani ya siku chache. Ukiona pia weupe wa manjano wenye ukingo kama manyoya kwenye ncha ya mishipa, hayo ni mafuta yaliyovuja. Yanamaanisha kwamba mishipa imekuwapo kwa muda na haizibiki vizuri.

Weka fluoresini, tazama kwa mwanga wa buluu. Rangi ikishika mahali, pana jeraha. Kisha piga picha. Simu iliyoshikwa kwenye lenzi ya darubini inatosha, mradi picha ya mara ijayo ipigwe kwa ukuzaji uleule. Maneno "mishipa kidogo" hayamsaidii mtu yeyote baada ya miezi mitatu.

Tafuta kinachoiita mishipa

Anza na nyuzi. Konea nyingi hushonwa kwa nailoni ya 10-0, ama nyuzi moja moja, mara nyingi 16, ama uzi mmoja unaozunguka. Nailoni hudhoofika polepole, na kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu hukatika yenyewe. Lakini inaweza kulegea mapema zaidi, hasa upande ambao tayari una mishipa, kwa sababu kidonda huko hupona na kunywea haraka kuliko kwingine. Kwa watoto hulegea ndani ya wiki chache. Uzi uliolegea haushikilii kitu tena. Kazi yake iliyobaki ni kukwaruza, kukusanya ute, kufungulia vijidudu mlango na kuita mishipa. Ishara zake ni ute ulioning'inia juu ya uzi, rangi ya fluoresini kuushika, uzi kusogea ukiguswa, na mshipa mmoja unaoelekea moja kwa moja kwenye uzi huo. Kifundo kilichojitokeza juu nacho hufanya kazi hiyo hiyo hata kama uzi bado umekaza. Ikiwa ni mapema mno kuutoa, daktari anaweza kukizungusha kifundo kwa koleo hadi kizame.

Baada ya nyuzi, nenda kwenye kope. Nywele za kope zilizogeukia ndani, makovu ya trakoma, kope lisilofunga vizuri usiku, na vitezi vya mafuta vilivyoziba kwenye ukingo wa kope vyote hulisha mishipa. Ng'oa nywele za kope zinazogusa jicho, kisha panga upasuaji wa kope, maana zilizong'olewa huota tena baada ya wiki kadhaa. Ukingo wa kope uliovimba utunzwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10 kila siku na kusafishwa. Mtu mzima ambaye hali yake haitulii anaweza kupewa doksisaiklini 100 mg kwa siku kwa wiki 6 hadi 12, ila asipewe mjamzito wala mtoto aliye chini ya miaka 8.

Kisha uso wa konea. Ngozi ya juu ya pandikizi inapaswa kuwa imefunika kote ndani ya wiki moja hivi baada ya upasuaji. Ikibaki wazi zaidi ya siku 10, mishipa itakuja kuifunika, kwani ndivyo mwili unavyoponya kilichoshindikana kupona. Punguza matone yasiyo ya lazima, hasa yenye benzalkoni ya kuzuia vijidudu. Ongeza machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi, na fikiria lenzi ya kufunika jeraha au kushona kope kwa muda. Lenzi hiyo ikikaa miezi bila kubadilishwa, yenyewe huinyima konea hewa na kuleta mishipa.

Mzio wa macho wa vijana hauishi kwa sababu tu konea imebadilishwa. Geuza kope la juu. Ukikuta vinundu vikubwa kama mawe ya kokoto, pandikizi linasuguliwa kila mgonjwa anapopepesa. Olopatadini mara 2 kwa siku, na marhamu ya takrolimasi 0.03% mara 2 kwa siku mahali inapopatikana, humwezesha mgonjwa kupunguza steroidi bila jicho kuwaka tena. Na akatazwe kabisa kufikicha jicho. Kufikicha hulegeza nyuzi, na kwenye pandikizi changa kunaweza kufungua kidonda.

Hepesi ifikirie kila unapoona mishipa ya ndani iliyoanza ghafla, hasa kwa mtu aliyepandikiziwa kwa sababu ya kovu asiloweza kulieleza. Kugusa konea kwa ncha ya pamba kusikomsumbua mgonjwa hakusemi mengi kwenye pandikizi, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu ilikatwa. Gusa konea yake mwenyewe iliyo nje ya pandikizi. Aliyewahi kuwa na hepesi ya jicho anahitaji asikloviri 400 mg mara 2 kwa siku kwa angalau mwaka mmoja baada ya upasuaji. Hepesi ikirudi, apewe 400 mg mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10, kisha arudi kwenye kipimo cha kinga. Dozi ipunguzwe kwa mwenye figo dhaifu.

Wanaovaa lenzi ngumu ili waone vizuri baada ya upandikizaji waulizwe wanazivaa kwa muda wa saa ngapi kila siku. Jumla ya saa 8 hadi 10 kwa siku inatosha, wasilale nazo, na ukingo wa lenzi usikandamize kovu la mwungano.

Kutoa uzi uliolegea

Uzi uliolegea hutolewa siku hiyo hiyo unapoonekana, hata kama mgonjwa ana wiki sita tu tangu apasuliwe. Kumrudisha nyumbani na barua ya kuonana na mpasuaji mwezi ujao ndilo kosa linalogharimu mapandikizi mengi zaidi. Kabla ya miezi mitatu mpigie mpasuaji simu kwanza, kwa sababu huenda uzi mwingine ukahitaji kuwekwa mahali pake. Uzi mmoja unaozunguka usiukate wewe mapema, kwani ukikatika sehemu moja wote umelegea. Mpeleke mgonjwa siku hiyo.

1. Tazama kwanza kama pana maambukizi. Doa jeupe kwenye uzi, lenye jeraha juu yake linaloshika rangi, ni maambukizi hadi ithibitike vingine. Uzi utoke, ila utumwe maabara pamoja na mkwaruzo wa doa, kabla ya tone la kwanza la antibiotiki.
2. Weka fluoresini na utazame kama maji yanavuja kwenye kidonda. Rangi ikioshwa na kijito kinachotiririka, usiguse kitu. Funika kwa kikombe kigumu, peleka rufaa.
3. Weka tetrakaini 0.5% matone mawili, yapishane kwa dakika moja.
4. Weka povidoni-ayodini 5%, subiri dakika 3, kisha osha kwa maji ya chumvi tasa. Ikiwa unayo ya 10% tu, ichanganye nusu kwa nusu na maji hayo, na iwe ile isiyo na sabuni.
5. Mkalishe mgonjwa kwenye darubini, paji la uso liguse mkanda, msaidizi amshike kichwa kwa nyuma. Kope lifunguliwe kwa kifaa au kwa vidole.
6. Tafuta kifundo kiko upande gani, wa pandikizi au wa konea ya mgonjwa. Kata uzi kwa ncha ya sindano ya namba 27, mdomo wake ukitazama juu, karibu kabisa na tundu la upande usio na kifundo.
7. Shika mkia mrefu uliobaki upande wa kifundo, uvute polepole sambamba na uso wa konea. Kifundo hutoka kwenye tundu lake chenyewe, na ule uzi mwembamba ndio unaopita kwenye kovu. Ukivuta kinyume, utakiburuta kifundo katikati ya kidonda, na kidonda kinaweza kufunguka.
8. Rudia fluoresini kuona kama panavuja.
9. Antibiotiki ya matone, kama moksifloksasini 0.5%, mara 4 kwa siku kwa siku 7. Na kama hapakuwa na maambukizi, ongeza steroidi kama ilivyoelezwa hapa chini.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Kutoa uzi ni jeraha dogo, na jeraha lolote huweza kuamsha mwili ulikatae pandikizi ndani ya siku au wiki zinazofuata. Mwambie mgonjwa arudi baada ya wiki moja, na mapema zaidi akiona mabadiliko.

Uzi ukikatikia ndani na hakuna ncha iliyojitokeza, uache. Kuuchimba huleta madhara kuliko kuubakiza. Mshipa ulioufuata uzi mara nyingi hukonda ndani ya wiki chache baada ya uzi kutoka, bila dawa nyingine zaidi ya steroidi.

Steroidi: kiasi cha kutosha, kwa muda wa kutosha

Kwa mishipa iliyo hai, isiyo na maambukizi wala jeraha la wazi, prednisoloni asetati 1% ndiyo ya kwanza. Utaratibu mmoja unaofaa ni tone kila saa 2 mchana kwa wiki moja, mara 6 kwa siku kwa wiki mbili, mara 4 kwa mwezi mmoja, kisha kushuka ngazi moja kila mwezi. Konea yenye mishipa isiachishwe steroidi haraka. Wengi hubaki na tone moja kwa siku kwa mwaka au zaidi, na mwenye hatari kubwa anaweza kubaki nalo kwa miaka.

Prednisoloni asetati ni unga unaoelea kwenye maji. Chupa isipotikiswa vizuri, mgonjwa hupata maji matupu wiki za mwanzo na dawa nzito mwishoni. Mwonyeshe jinsi ya kuitikisa, na tone jingine lisubiri dakika 5. Deksamethasoni 0.1% ndiyo mbadala inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka mengi ya dawa, lakini soma lebo vizuri, maana mara nyingi huja imechanganywa na antibiotiki ambayo mgonjwa hapaswi kuitumia kwa miezi.

Pima presha ya jicho wiki 2 hadi 3 baada ya kuongeza steroidi, kisha kila unapomwona. Presha ikipanda, timololi 0.5% mara 2 kwa siku ndiyo ya kuanzia, isipokuwa kwa mwenye pumu au moyo unaopiga polepole. Dozolamidi itumike kwa uangalifu pandikizi likiwa dhaifu, na dawa za kundi la latanoprosti ziepukwe kwa mwenye hepesi. Presha ikiendelea kupanda, fluorometholoni 0.1% inaweza kuchukua nafasi ya prednisoloni ingawa nguvu yake ni ndogo. Kuikatisha steroidi ghafla kwa sababu ya presha ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine. Pambana na presha, na steroidi ishushwe kwa ngazi.

Mahali palipo na jeraha la majani, la udongo, au mtu aliyetia dawa ya kienyeji, fikiria fangasi kabla ya kuongeza steroidi. Fangasi akipewa steroidi hula konea kwa kasi.

Bevasizumabu

Dawa hii ya saratani huifunga VEGF. Kwenye jicho hutumika nje ya matumizi yaliyosajiliwa, hivyo mgonjwa aelezwe hilo na atie sahihi. Huisaidia mishipa michanga iliyo hai. Mishipa ya zamani, iliyokwisha kuvikwa seli za nje zinazoishikilia, haitegemei VEGF tena na itabaki ilivyo. Ndiyo maana mishipa ya wiki sita ni tofauti na ya miaka sita, na ndiyo maana picha za mwanzo zina thamani.

Usiitoe ikiwa rangi ya fluoresini inashika jeraha, konea imekonda, mgonjwa ni mjamzito, au amepata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni. VEGF hiyo hiyo inahitajika katika kuponya jeraha na kulisha mishipa ya fahamu ya konea, na ukiizima pasipo wakati wake konea huyeyuka.

Chupa ina 25 mg kwa kila mililita 1. Kiasi cha kuchoma ni 0.1 ml, yaani 2.5 mg, chini ya utando mweupe wa jicho, milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye limbasi, mbele ya mahali mishipa inapoingilia. Ikiwa mishipa ipo pande mbili, weka 0.1 ml kila upande. Ganzi na povidoni-ayodini hutangulia kama kwenye kutoa uzi. Bomba la 1 ml, sindano ya namba 30, mdomo wake ukitazama juu, chomeka ukikwepa mishipa mikubwa, ingiza polepole hadi kitokee kiputo. Antibiotiki mara 4 kwa siku kwa siku 5, na steroidi iendelee.

Mwone mgonjwa baada ya wiki moja na baada ya wiki nne. Mishipa inayosikia dawa hukonda na kupauka ndani ya wiki mbili za kwanza. Dozi inaweza kurudiwa kila wiki nne, hadi mara tatu. Baada ya hapo bila badiliko kwenye picha, acha. Matone ya bevasizumabu ya 5 hadi 10 mg/ml yametumika pia, lakini madhara kwenye ngozi ya konea huonekana zaidi kuanzia mwezi wa pili, kwa hiyo anayetumia matone aonwe kila wiki mbili.

Hatari kubwa iko kwenye kugawa chupa. Dawa hii haina kihifadhi, na chupa moja ya 4 ml hugawanywa kwenye mabomba mengi. Mwaka 2011, huko Florida, mabomba yaliyogawiwa bila usafi wa kutosha yaliwaambukiza wagonjwa kadhaa waliochomwa ndani ya jicho, na baadhi wakapoteza kuona. Igawiwe na mfamasia kwenye kabati lenye hewa safi, ihifadhiwe nyuzi joto 2 hadi 8, isigandishwe, isitikiswe, ikingwe na mwanga. Chupa iliyotobolewa na kuachwa kwenye friji ya wodi ikisubiri mgonjwa mwingine isitumike.

Na itarajiwe kwa kiasi. Ushahidi kwamba mishipa hupungua ni mzuri. Ushahidi kwamba pandikizi litaishi muda mrefu zaidi kwa sababu ya sindano hiyo bado si imara. Kliniki yenye fedha kidogo haitakosea ikiweka nyuzi, kope na steroidi mbele.

Mishipa iliyokomaa

Mshipa mnene wa zamani huzibwa kwa kuunguzwa. Njia inayotumika zaidi ni sindano nyembamba yenye umeme: mpasuaji hupitisha sindano ya uzi wa 10-0 ndani ya konea kwenye kina cha mshipa, karibu na limbasi, kisha huigusa kwa kifaa cha kuunguzia kikiwa kwenye nguvu ya chini kabisa hadi tishu ipauke kidogo. Mshipa unaopeleka damu na unaorudisha yote miwili izibwe. Ukiziba mmoja, damu hupata njia kwa mwingine. Kuunguza kwenyewe huamsha VEGF, kwa hiyo bevasizumabu huchomwa siku hiyo hiyo, na steroidi huongezwa kwa wiki kadhaa.

Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kuwa na doa la damu ndani ya konea na weupe palipoguswa. Doa hunyonywa lenyewe, weupe mwingi hufifia. Kinachohitaji rufaa ya haraka ni konea kuvuja maji au doa la damu kusogea katikati. Leza ya kijani au ya njano nayo huziba, ila mishipa hufunguka tena mara nyingi zaidi, na nishati iliyopitiliza huweza kuunguza iris, yaani pete ya rangi iliyo nyuma ya konea. Kazi hii ni ya mpasuaji wa konea, wewe jukumu lako ni kumwambia mishipa ina umri gani na chanzo chake kimeshughulikiwa.

Dalili za kukataliwa, usisubiri kesho

Mfundishe mgonjwa mambo manne: jicho kuwa jekundu, mwanga kuumiza, kuona kupungua, na maumivu. Lolote kati ya hayo likitokea, aje siku hiyo hiyo. Ukimpima utaona pandikizi lenye ukungu, vijidoa kwenye tabaka la nyuma, au mstari wa vijidoa unaotembea kutoka kwenye mshipa kuelekea katikati. Mstari huo hujulikana kwa jina la Khodadoust. Anza prednisoloni asetati 1% kila saa, usiku na mchana, wakati unapiga simu. Kwa anayefika siku za mwanzo kabisa, mpasuaji anaweza kuongeza methiliprednisoloni 500 mg kwenye mshipa wa mkono mara moja. Pandikizi lililopata steroidi ndani ya siku ya kwanza au ya pili mara nyingi hurudi kuwa angavu. Lililosubiri wiki tatu, tabaka lake la nyuma limeshapoteza seli ambazo hazizaliwi tena.

Barua ya rufaa

Aliyeandika "pandikizi limeharibika" hajamsaidia mpasuaji. Barua iwe na tarehe ya upasuaji na aina yake, nyuzi ngapi zimebaki na zipi zimetolewa lini, mishipa kwa namba za saa na milimita, ya juu au ya ndani, hai au kavu, matokeo ya fluoresini, presha ya jicho, dawa zote kwa asilimia na idadi ya matone, na historia ya hepesi au mzio. Ambatanisha picha mbili: ya leo na ya zamani kuliko zote uliyonayo. Mgonjwa abebe chupa zake zote za dawa, hata zilizokwisha, na asiache steroidi njiani.